Baiskeli Ndani ya Behewa

Dervla Murphy alipanga kuondoka tarehe 7 Januari 1963. Siku hiyo ilipofika theluji ilikuwa imetanda mpaka Ayalandi ya kusini, ambako watu hawakuzoea kuiona ikikaa, naye akaahirisha safari kwa wiki moja. Alidhani baridi ya namna ile haiwezi kudumu. Ilidumu. Wiki ilipokwisha hapakuwa na dalili yoyote ya nafuu, akajiuliza ataahirisha mpaka lini, akaondoka hivyo hivyo. Tarehe 14 Januari, asubuhi ya giza na barafu, alipanda baiskeli yake mjini Dunkirk, bandari ya kaskazini mwa Ufaransa, akaelekeza gurudumu la mbele mashariki. Alikuwa anakwenda Delhi.

Mtu yeyote angemshauri asubiri Machi. Mwenyewe, alipokuja kuandika kitabu chake cha Full Tilt, alikubali kwamba kuendelea kuahirisha kungekuwa na akili zaidi kuliko kujitosa Ulaya ya kati katika majira ya baridi makali kuliko yote ya miaka themanini. Lakini mwanamke huyu alikuwa ameshasubiri miaka ishirini na moja, na kusubiri nako kuna mwisho wake.

Alizaliwa Novemba 1931 huko Lismore, mji mdogo wa kaunti ya Waterford, mtoto wa pekee wa mkutubi. Alipotimiza miaka kumi alipata zawadi mbili, baiskeli iliyokwisha kutumika na atlasi. Siku chache baadaye, akiwa anakwea kilima karibu na kwao, aliitazama miguu yake ikizungusha pedeli na akapiga hesabu ya kitoto isiyo na kosa hata moja: kwamba akiendelea kufanya vile kwa muda wa kutosha, atafika India. Hakumwambia mtu mzima yeyote, maana alijua watamcheka. Kwenye miaka kumi na minne aliacha shule ili amuuguze mama yake, ambaye baridi yabisi ilikuwa imemlemaza. Akamuuguza mpaka yeye mwenyewe akapita umri ambao kwao watu walitegemea binti awe ameolewa. Baba alifariki Februari 1961, mama Agosti 1962. Miezi mitano baadaye binti yuko Dunkirk.

Kwa hiyo tunayemwangalia hapa si mtu aliyekurupuka. Mpango wake ulikuwa umekaa ndani miaka mingi kuliko ndoa nyingi zinavyodumu, na maandalizi yake yalikuwa ya mtu anayejua anachofanya. Matairi ya akiba aliyatanguliza kwa posta kwenye ofisi za kibalozi za Uingereza zilizokuwa njiani, ayakute mbele ya safari. Alinunua bastola ndogo, akaenda nayo milimani kujifunza shabaha. Baiskeli yenyewe ilikuwa Armstrong Cadet, ya kiume, na aliiita Roz, kifupi cha Rosinante, yule farasi mkongwe wa Don Quixote. Mtu anayempa chombo chake jina la farasi aliyekonda, mali ya bwana mwenye ndoto zisizo na kichwa wala miguu, angalau anajua kujicheka.

Kuna jambo moja katika maandalizi yake ambalo fundi yeyote wa baiskeli chini ya mwembe atalielewa mara moja. Roz alikuja na gia tatu, za aina ile ya kuhamisha mnyororo kutoka sproketi kubwa kwenda ndogo. Murphy alizing'oa. Aliona kwamba kifaa kile, chenye springi na visahani vyake vyembamba, hakitahimili barabara za Asia, na kikipinda katikati ya Uajemi au Afghanistan hapatakuwa na wa kukinyoosha. Bora mnyororo mmoja na sproketi moja, kama baiskeli za kubebea mkaa na maziwa kwetu, ambazo hazina gia na zinapanda Usambara. Hoja yake naiona nzuri. Bei yake ni kwamba kilima kikizidi unashuka na kusukuma, na huo si ugonjwa, ni desturi. Sisi tuliokulia kwenye baiskeli za namna hiyo hatukuwahi kuona aibu kusukuma. Aibu hiyo imekuja na gia.

Hesabu zote hizi zilikuwa za Asia. Hata moja haikuwa ya Ufaransa, kwa sababu Ufaransa ilikuwa karibu, ina lami, ina mikate kila kijiji. Na hapo ndipo mpango ulipovunjika.

Ili msomaji wa Tanga au Mombasa apate picha ya baridi ile, nitatoa mifano miwili. Ziwa Konstanz, linalopakana na Ujerumani, Uswisi na Austria, liliganda lote mwaka huo, watu wakalivuka kwa miguu. Na Uholanzi kuna mashindano ya kuteleza kwa viatu vya chuma juu ya mifereji iliyoganda, karibu kilomita 200, yanayopita miji kumi na moja ya Friesland. Hufanyika tu barafu ikiwa nene ya kutosha. Yale ya 1963 yalifanyika tarehe 18 Januari, siku nne baada ya Murphy kuondoka Dunkirk, na kati ya watu wapatao 10,000 walioanza waliomaliza walikuwa 69. Hao ni Waholanzi, waliozaliwa juu ya barafu. Sasa mfikirie mtu mmoja, barabarani, juu ya matairi mawili membamba ya mpira.

Barafu haimpi mwendesha baiskeli nafasi ya kusahihisha kosa. Baiskeli husimama kwa sababu dereva hugeuza usukani kidogo kidogo bila kujua, akilifuata anguko na kulizuia kabla halijatokea. Kwenye barafu gurudumu la mbele likigeuka halishiki kitu, na umeshalala. Mpira wa breki unabana rimu iliyolowa na kuganda, hakuna kinachotokea. Vidole vinakufa ganzi kwanza, na vikishakufa hujui tena kama umeshika breki au la. Hata kuziba pancha, kazi ambayo mtoto wa darasa la tano kwetu anaifanya akipiga soga, inageuka mtihani: kuitoa tyubu bila kuitoboa mara ya pili, kulitafuta tundu lilipo, kuisugua kwa msasa, kupaka solusheni na kungoja ikauke. Kwenye jua la Dodoma solusheni inakauka kabla hujamaliza sentensi. Kwenye baridi kali inakaa na unyevu wake, nawe umevua glavu, na mkono uliovuliwa glavu una dakika chache tu za kuwa na manufaa.

Basi Murphy akafanya alilopaswa kufanya. Palipopitika aliendesha, pasipopitika alisukuma, na pale ambapo hata kusukuma hakukuwezekana alipanda gari. Milima ya Alps aliivuka ndani ya treni, Roz akiwa mzigo. Alipoingia Yugoslavia, theluji ikiwa imefunga barabara, alibebwa na malori. Mwanamke aliyengoja miaka ishirini na moja aendeshe baiskeli mpaka India, katika wiki za mwanzo kabisa za safari hiyo, amekaa kwenye kiti cha behewa akiitazama milima dirishani.

Ninaipenda sana picha hiyo, na ndiyo sababu sura hii nimeipa kichwa hicho. Wapo waendesha baiskeli, na leo wamekuwa wengi, ambao kwao kilomita moja kwenye gari inabatilisha safari nzima. Watarudi kilomita arobaini kwa teksi hadi palepale walipopakiwa kwenye lori wakiwa wagonjwa, ili mstari kwenye ramani usikatike. Ni dini yao, siwaingilii. Lakini Murphy hakuwa na mstari wa kulinda. Alikuwa na mahali anakokwenda. Treni ikimfikisha upande wa pili wa mlima akiwa mzima, basi treni hiyo ni sehemu ya njia, na baiskeli itapandwa wakati wake ukifika.

Mipango si matumizi, tunasema, kwa kawaida tukizungumzia fedha. Kwenye safari ndefu za baiskeli msemo huu unatimia katika wiki ya kwanza, karibu bila ubaguzi. Nimesoma habari nyingi za safari hizi, na inayoanza kama ilivyopangwa ni nadra mno kiasi kwamba nikikutana nayo hunijia shaka.

Mtangulie Murphy kwa karibu miaka themanini, umwangalie Thomas Stevens. Alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa Berkhamsted, aliyehamia Marekani akiwa kijana mwaka 1871. Akafanya kazi kiwandani na mgodini, kisha akapata wazo la kuvuka bara lile kwa baiskeli akiwa hajui hata kuipanda. Alijifunza San Francisco. Na baiskeli ya siku zile haikuwa hii tunayoijua. Ilikuwa ile yenye gurudumu kubwa mbele na kijigurudumu nyuma. Haikuwa na mnyororo. Pedeli zilifungwa moja kwa moja kwenye kitovu cha gurudumu, kwa hiyo mzunguko mmoja wa mguu ni mzunguko mmoja wa gurudumu. Ukitaka mwendo, unaongeza ukubwa wa gurudumu mpaka urefu wa miguu yako unapokoma. La Stevens, baiskeli ya Columbia, lilikuwa na kipenyo cha inchi 50, sentimita 127, maana yake kila mzunguko ulimsogeza karibu mita nne. Mpandaji anakaa juu kabisa, karibu juu ya kitovu chenyewe. Likigonga jiwe, gurudumu linasimama na mtu anaendelea, kichwa kikitangulia.

Juu ya chombo hicho aliondoka San Francisco saa mbili asubuhi, tarehe 22 Aprili 1884, akavuka ghuba kwa kivuko hadi Oakland. Mzigo wake: soksi, shati la akiba, bastola, na koti la mvua lililokuwa pia hema na shuka lake. Ukiona hivyo utadhani mtu huyu alikwisha kuimaliza hekima yote ya kusafiri na vichache. Siku chache mbele akafika milima ya Sierra Nevada, na huko theluji ya Aprili haijui kwamba ni Aprili. Barabara hakuna. Kilichokuwepo ni reli, na juu ya reli shirika la reli lilikuwa limejenga mapaa marefu ya mbao, makumi ya kilomita, kuzuia theluji isiifukie njia. Ndani ni giza na moshi. Stevens aliingia humo akitembea, baiskeli mkononi, akijikwaa kwenye mataruma, huku akitega sikio. Treni ikija ilimbidi ajibanze ukutani yeye na gurudumu lake refu kama dirisha, mpaka ipite.

Alifika Boston tarehe 4 Agosti, mtu wa kwanza kuvuka Marekani kwa baiskeli, baada ya kilomita zinazokaribia 6,000. Theluthi moja hivi ya njia yote hiyo alitembea kwa miguu. Hakuficha. Aliandika tu, kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa.

Mei 1885, alipoanza kipande cha ng'ambo kutoka Liverpool, mamia ya watu walikuja kumtazama akiondoka mbele ya kanisa la Edge Hill. Barabara za Uingereza zilikuwa nzuri kuliko zote alizokwisha kuzipita, na siku zake za kwanza huko, hadi kivuko cha Newhaven kuelekea Ufaransa, zilikwenda vizuri. Hapo utasema nimejipinga mwenyewe: huyu alianza vyema. Alianza vyema kwa sababu siku zake mbaya za kwanza alikuwa ameshazila California. Alikwenda mpaka Yokohama, akafika Desemba 1886, na mwaka 1889 gazeti la New York World likamtuma kwetu huku Afrika Mashariki kumsaka Henry Morton Stanley, safari aliyoiandikia kitabu kingine.

Niseme kidogo habari za mwili, kwa sababu vitabu vingi vya safari huona haya kuzisema. Mtu akikaa kwenye tandiko la baiskeli hakalii nyama ya makalio. Anakalia mifupa miwili iliyo chini yake, na ngozi iliyo kati ya mifupa hiyo na tandiko ndiyo inayolipa. Siku ya kwanza hailipi sana. Misuli ya mapaja nayo, ikifanyishwa kazi isiyoizoea, haikuambii siku ile ile. Maumivu yake huja kati ya saa 24 na 72 baadaye. Ndiyo maana siku ya kwanza ya safari ni ya bashasha, ya pili ni ya ukimya, na ya tatu ni ile ambayo mtu anaamka, anaiangalia baiskeli iliyoegemezwa ukutani, na anaichukia. Viganja navyo vinauma au kufa ganzi upande wa kidole cha mwisho, kwa sababu mshipa wa fahamu unaopita pale unabanwa na usukani. Hakuna dawa ya haya zaidi ya kuendelea polepole, kubadilisha mkao, kula kuliko unavyodhani unahitaji, na kutofanya uamuzi wowote mkubwa siku ya tatu. Usiuze baiskeli siku ya tatu. Usipige simu nyumbani siku ya tatu, hasa kama nyumbani kuna mtu aliyekwambia tangu mwanzo kwamba umepungukiwa.

Kwa anayesafiri peke yake hili ni kubwa zaidi. Wawili wakichoka, mmoja atanuna na mwingine atatia moyo, kisha watabadilishana zamu. Aliye peke yake hana wa kununia. Uvivu wake, woga wake na njaa yake vyote vinasema kwa sauti yake mwenyewe, na ni vigumu sana kutambua ipi ni njaa. Wazoefu watakwambia: kula kwanza, halafu ndipo uamue kama umekata tamaa.

Pale Namanga mpakani nimewahi kuwatazama wageni wanaosafiri kwa baiskeli wakigongesha pasi zao, na si kazi kumtofautisha aliyeanzia Nairobi juzi na aliyetoka Kairo. Wa Nairobi ana mifuko minne inayong'aa, chupa za aina tatu, na kijiko kinachokunjwa. Wa Kairo ana kamba ya mpira, ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko, na ndala zimefungwa kwenye keria. Katikati ya Kairo na Namanga kuna mahali ambapo kijiko kinachokunjwa kiligawiwa kwa mtoto fulani.

Lakini kutupa mzigo ni rahisi. Kuna waliolazimika kutupa makubwa zaidi, na hapo namkumbuka Annie Cohen Kopchovsky. Huyu alikuwa Myahudi mwenye asili ya Latvia, mkazi wa Boston, mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, ameolewa na ana watoto watatu wadogo. Mwishoni mwa Juni 1894 alisimama mbele ya jengo la serikali ya jimbo la Massachusetts, watu wamejaa, akatangaza kwamba anaizunguka dunia kwa baiskeli. Alikuwa amejifunza kuipanda siku chache tu kabla. Kampuni ya maji ya chemchemi ya Londonderry ilimlipa dola 100 abebe tangazo lake kwenye baiskeli na atumie jina lao, na kwa jina hilo, Annie Londonderry, ndivyo anavyojulikana. Alisema safari yake ni dau kati ya matajiri wawili wa Boston, jambo ambalo waliomchunguza baadaye wanalitilia shaka kubwa. Njiani aliwaambia waandishi wa habari kwamba yeye ni yatima, kwamba anasomea udaktari Harvard, na mengine kadiri siku ilivyohitaji. Kwa maneno mengine, alikuwa mtu wa biashara.

Baiskeli aliyoanza nayo ilikuwa Columbia ya kike yenye uzito wa ratili 42, kama kilo 19. Juu yake, sketi ndefu ya heshima ya karne ile, yenye vitambaa vya ndani. Hebu ifikirie sketi hiyo na mnyororo unaozunguka, na upepo ukija wa mbele ukaijaza kama tanga. Mavazi yale yalikuwa breki isiyoachia. Aliteremka New York, kisha akageukia magharibi kuelekea Chicago, na huko alifika mwishoni mwa Septemba, miezi mitatu baada ya kuondoka nyumbani, amepungua ratili 20. Mbele yake palikuwa na nyanda za magharibi na milima, na majira ya baridi yalikuwa yanakuja. Kwa mwendo aliokuwa nao, theluji ingemkuta katikati ya nyika.

Hapo Chicago alifikia uamuzi wa kuacha. Kisha, kabla ya kurudi, akabadilisha karibu kila kitu isipokuwa nia. Columbia aliiacha, akachukua Sterling ya kiume yenye ratili 21, nusu kamili ya uzito wa ile ya kwanza. Sketi aliivua, akavaa suruali pana za kike zilizokuwa zikizua magazetini mabishano kuliko vita. Na, hili ndilo linalonipa raha, akageuza uelekeo wa dunia. Kama magharibi kuna theluji, basi atazunguka kwa mashariki: akarudi New York njia ile ile aliyojia, akapanda meli Novemba kwenda Ufaransa. Miezi mitano ya kwanza ya safari yake, ukiitazama kwenye ramani, ilimrudisha karibu na mlango wa nyumba yake. Sehemu kubwa ya dunia baadaye aliipita melini, na wapo waliomsema kwa hilo, lakini tarehe 12 Septemba 1895 alirudi Chicago na akahesabu kwamba amemaliza.

Sishauri mtu aige maelezo aliyowapa waandishi. Ila uamuzi ule wa Chicago naona unazidi ushujaa mwingi unaosifiwa. Kuendelea mbele kwa ukaidi kila mtu anakuelewa. Umati uliokuaga ulikuaga ukielekea mbele. Kugeuka, ukapita tena vijiji vile vile vilivyokupungia mkono, ukiwa na baiskeli nyingine na suruali, watu wakinong'ona kwamba umeshindwa, kunataka kifua.

Murphy hakuwa na umati wa kumwona. Yugoslavia alikuwa peke yake na madereva wa malori, kwa lugha ya vidole, chini ya mbingu nyeupe. Usiku mmoja lori alilopewa lifti liliacha njia katika theluji, naye akashuka kwenda kutafuta msaada kwa miguu. Gizani mbwa mwitu wakamvamia. Mmoja alikuwa amemning'inia kwenye bega la koti, mwingine ameng'ata suruali. Bastola ile aliyoifanyia mazoezi kwa ajili ya hatari za Asia alikuwa ameiweka karibu, akaitumia pale pale, barani Ulaya. Baadaye theluji ilipoanza kuyeyuka njia zikageuka mito, na baiskeli ambayo mwanzo haikupita kwa sababu ya barafu sasa haikupita kwa sababu ya maji.

Aliendelea hivyo hivyo, kipande kwa gari, kipande kwa pedeli, vipande vya pedeli vikirefuka kila alivyosogea mashariki: Bulgaria, Uturuki, mpaka wa Uajemi. Bastola ilihitajika tena. Lakini barabara ilikuwa kavu, na kile alichokifikiria kwenye kilima cha Lismore, miguu ikizunguka na nchi ikipita, kikaanza kutokea kwa siku nzima, kisha siku nyingine, kisha mfululizo. Akaanza kuandika shajara kama barua kwa rafiki zake nyumbani, akieleza chakula cha jioni, hali ya njia, umbali wa siku, nani alimlaza wapi.

Delhi alifika Julai. Safari nyingine nyingi zilifuata katika maisha yake, mpaka alipofariki Mei 2022 akiwa na miaka 90. Mwaka 1992, akiwa na sitini, alianzia Nairobi akapita Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia hadi Zimbabwe kwa baiskeli, na kitabu cha safari hiyo kinaitwa The Ukimwi Road. Ila kilichomjengea jina ni Full Tilt, kilichotoka 1965. Ukikifungua utaona kwamba sura ya kwanza inaanzia Teheran, mwishoni mwa Machi. Wiki kumi za kabla ya hapo, pamoja na treni, malori, mbwa mwitu na mafuriko, amezimaliza kwenye utangulizi.